Kihenge Kilichofundishwa Kiingereza

Ninyi mnaoanza kufundisha watu wazima mmeniuliza, mmoja baada ya mwingine, swali lilelile: kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayeweza kusimama kwenye njia ya mifugo na kutambua kwa pembe tu kwamba ng'ombe mmoja kati ya themanini si wake, hukaa mbele ya mwalimu wa Kiingereza miezi minne asifumbue kinywa? Wengine wenu mmekwisha kujijibu kwamba ni uzee, au kichwa kigumu, au kukosa msingi. Nawaomba myaweke kando majibu hayo kwa muda. Niliwahi kuwa nayo yote matatu, na nusura yamkoseshe kazi mtu aliyeniamini.

Nilianza kufundisha Kiingereza cha jioni pale Bariadi miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba na redio za kaseti zikajaa gulioni. Wakati huo hatukuwa mkoa. Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga, na Lamadi, ambako leo mnakwenda kununua samaki na kurudi kabla ya chakula cha mchana, ilihesabiwa upande wa Mwanza. Darasa letu lilikuwa ghala dogo la ushirika lililokwisha kukosa pamba ya kuhifadhi, kwa kuwa wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuizoa mashambani. Tulikalia mabenchi yaliyoazimwa shule ya msingi. Mabenchi hayo yalitengenezwa kwa ajili ya watoto, hivyo mzee wa miaka hamsini aliyakalia magoti yakikaribia kidevu, na mimi nikashangaa kwa nini haongei. Ilinichukua muhula mzima kutambua kwamba nilikuwa nimemfanya mtoto kabla sijamfundisha neno moja. Nilipowaambia kila mtu aje na kigoda au kiti chake cha nyumbani, mahudhurio yalipanda wiki ileile. Mtu aliyeketi juu ya kiti chake mwenyewe hukosea kwa utulivu zaidi.

Kuhusu salamu, nilipata somo kutoka kwa mfugaji mmoja wa Bukundi aliyekuja kujifunza kwa sababu watalii walikuwa wakipita karibu na malisho yake wakimuuliza njia. Nilimfundisha kusalimia asubuhi na kuitikia. Akasema vizuri kabisa, kisha akabaki akinitazama.

"Endelea, Mwalimu."

"Imekwisha, baba. Ndiyo salamu yenyewe."

"Habari za nyumbani hujaniuliza."

"Wao hawaulizi sana."

"Ng'ombe je?"

"Hawaulizi."

"Mvua?"

Nikamwambia mvua huitaja, lakini si kwa kuiombea. Akafunga daftari lake taratibu. "Watu hawa wana haraka ya kwenda wapi," akasema, "hata wasalimiane kama waliokwisha kugombana?"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nikidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mtu huyu alikuwa akiniambia kwamba kila nilipomtaka aseme salamu ile fupi, nilimtaka awe mtu asiye na adabu mbele ya majirani zake. Tangu siku hiyo nilianza kila kipindi kwa salamu ndefu za Kisukuma, mwadila kwa huyu na mwadila kwa yule, habari za nyumbani, za mifugo, za waliolala hospitali. Zilikula dakika kumi. Mkaguzi mmoja aliyenitembelea aliandika kwamba napoteza muda. Sikumjibu, ila baada ya salamu hizo watu walikuwa wamekwisha kutimiza wajibu wao kwa wenzao, na Kiingereza kifupi hakikuwauma tena.

Aliyenilea katika kazi hii alikuwa Mwalimu Paulo, mratibu wa elimu ya watu wazima kabla yangu, mtu mwembamba aliyefundisha kusoma na kuandika enzi za kisomo kwa kutumia mkaa na mlango wa ghala. Hakujua Kiingereza kingi. Alijua watu. Nilipomlalamikia kwamba wanafunzi wangu wanaogopa Kiingereza, alinitazama kama mtu anayepima kama mtama umekauka.

"Mtu mzima haogopi Kiingereza, mayu," akasema. Ndivyo alivyoniita, mama, ingawa nilikuwa na umri wa binti yake wa mwisho. "Anaogopa mashahidi."

Niliyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la maandalio, nikayapigia mstari, kisha nikaendelea kufundisha kana kwamba sijayasikia. Hivyo ndivyo tulivyo walimu.

Sasa niwaeleze habari ya Mzee Machiya, kwa sababu yote niliyoyajua baadaye niliyajulia kwake.

Mzee Machiya alikuwa fundi wa mashine za kuchambulia pamba katika kinu kimoja cha ushirika. Mashine hizo zina roli iliyovikwa ngozi inayovuta nyuzi, na kisu kinachozuia mbegu zisipite. Kisu kikikaa mbali, mbegu hupita na pamba huharibika. Kikibana mno, ngozi huungua na nyuzi hutoka na rangi ya chai. Kati ya mbali na karibu pana nafasi ndogo kuliko unene wa ukucha, na Mzee Machiya aliitafuta kwa kusikiliza. Alikuwa akiweka kiganja juu ya chuma, anafumba macho, anageuza skrubu robo, anasikiliza tena. Vijana waliofanya naye kazi waliniambia kwamba angeweza kusimama getini akajua mashine ya ngapi imechoka.

Kinu kile kiliuzwa kwa kampuni ya mtu binafsi kutoka ng'ambo. Meneja mpya hakujua Kiswahili, na alitangaza kwamba mafundi wote watahojiwa kwa Kiingereza kabla ya msimu wa kuchambua kuanza. Atakayeweza kueleza kazi yake atabaki. Asiyeweza atatafutiwa mwingine mahali pake. Ilibaki miezi mitatu.

Siku alipokuja kujiandikisha alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu Mwalimu, nimekuja unifundishe kusema kile ninachokijua."

"Hicho tu, baba?"

"Nisichokijua nitakisema wapi?"

Nilimweka mstari wa mbele. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Aliandika kila neno kwa herufi kubwa zilizonyooka kama mistari ya shamba. Matamshi yake yalikuwa mazito lakini thabiti, na mwezi wa kwanza ulipokwisha alikuwa ametaja kwa Kiingereza sehemu zote za mashine yake. Nilianza kuamini kwamba atabaki kazini.

Katika darasa hilohilo palikuwa na mwanamke kijana aliyeitwa Kabula. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mumewe alifanya biashara ya samaki Lamadi, ambako kambi za watalii zilikuwa zikianza kutafuta wafanyakazi wanaojua kuzungumza na wageni. Kabula alikuwa na Kiingereza kizuri kuliko wote. Lakini mwenendo wake ulinikera. Alifika baada ya wengine wote, akaketi karibu na mlango wa nyuma, nyuma ya nguzo, akatoka dakika mbili kabla ya kipindi kwisha. Nilipomuuliza swali alijibu kwa sauti ndogo, uso ameuelekeza ukutani. Katika daftari langu niliandika: *ana uwezo, ana haya kupita kiasi, asaidiwe kujiamini.*

Someni tena sentensi hiyo. Hakuna hata neno moja la dharau ndani yake, na bado, ukiondoa huo uwezo, yote ni ya uongo.

Nilikuwa nimetoka kwenye semina moja ambako tulifundishwa kwamba mwanafunzi mwenye haya asukumwe taratibu kwa kufanya mazungumzo na mwenzake mbele ya darasa, uso kwa uso, na kwamba ndani ya darasa hakuna mkubwa wala mdogo. Nilirudi na moto wa semina ile. Jioni moja nilimwita mbele mwanafunzi niliyeona ana bidii kuliko wote, Mzee Machiya, na mwanafunzi niliyeona ana haya kuliko wote, Kabula. Nikawataka washikane mikono, watazamane machoni, waambiane majina yao, kisha mmoja ampe mwenzake amri: simama, kaa, njoo hapa, niletee maji.

Kabula hakusogea. Nikamsogelea nikamshika bega nikamleta mbele. Alipofika hatua tatu kutoka kwa Mzee Machiya, alipiga magoti sakafuni na kujifunika uso kwa kanga. Mzee Machiya aliweka mikono yake nyuma ya mgongo akageukia ukuta.

"Msione aibu," nikasema. "Hapa sote ni wanafunzi."

Ghala lilinyamaza. Muuza mitumba mmoja, ambaye hakuwa mwenyeji, akatupia maneno: "Mzee, mpe mkono binti wa watu, hakung'ati." Hakucheka hata mtu mmoja. Nami, badala ya kusikia ukimya ule, nilirudia amri yangu mara ya pili.

Mzee Machiya alichukua kofia yake msumarini. "Mwalimu," akasema, kwa upole uleule wa siku zote, "nimekumbuka kwamba sikufunga mlango wa stoo. Niruhusu." Akachukua kigoda chake, akatoka nacho. Mtu anayekwenda kufunga mlango na kurudi hachukui kigoda chake.

Wiki ikapita. Hakurudi. Kabula naye hakurudi. Na hapa pana jambo ninalotaka mlishike: wanafunzi ishirini na wawili walijua nilichofanya, na hapana hata mmoja aliyeniambia, kwa kuwa kumsahihisha mwalimu nako ni kumvunjia heshima. Aliyeniambia ni Mwalimu Paulo, nilipokwenda kumweleza kwamba mbinu ya semina haikufaa.

"Kabula ni mke wa mtoto wa Machiya," akasema. "Ulimtaka mkamwana amshike mkwe wake mkono na kumwamuru alete maji."

Nilikaa. Aliniacha nikae.

Katika rejesta Kabula alikuwa ameandikwa kwa jina la baba yake, na mimi sikuuliza zaidi. Lakini hiyo si hoja. Mimi ni Msukuma. Nilizaliwa katika nyumba ambayo mke wa kaka yangu hakuwahi kula mbele ya baba yetu, na alipokutana naye njiani alipisha mpaka majanini. Najua mkwe na mkamwana hawatazamani, hawagusani, hawatajani majina. Kama ningalikuwa mgeni, ningalisamehewa kwa kutojua. Kosa langu lilikuwa la mwenyeji: niliamini kwamba Kiingereza hakina ukwe, na kwamba mtu akivuka kizingiti cha darasa huacha ukoo wake nje pamoja na baiskeli.

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Machiya huko Ngulyati siku ya Jumamosi, alasiri. Mkewe alikuwa Bukundi kwa binti yao aliyejifungua, kwa hiyo kazi zote za nyumba zilikuwa mikononi mwa Kabula, aliyeishi hapo mumewe akiwa Lamadi. Nilimkuta mzee ameketi kwenye kivuli cha kihenge, kile kihenge kikubwa cha fito kilichokandikwa udongo ambamo huhifadhiwa mtama. Jiko lilikuwa upande wa pili wa kihenge hicho. Nilipiga hodi, tukasalimiana kwa ukamilifu, kisha nikaomba radhi. Sikujitetea kwa semina.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mgeni angekosea hivyo ningecheka," akasema. "Wewe sikuweza kukucheka."

"Rudi darasani, baba. Imebaki miezi miwili."

"Nikirudi, yeye hatarudi. Akirudi yeye, mimi siwezi kurudi. Na watu wameona. Acha asome yeye. Mimi nimekwisha kufanya kazi miaka mingi."

"Na mashine?"

Alichukua ukoka mmoja akaukunja. "Mashine zitapata mtu mwingine wa kuziunguza," akasema.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, ya chini lakini iliyosikika vizuri: "Kihenge, maji ya mgeni ya kunawa yako mlangoni, na ugali uko tayari."

Mzee Machiya, bila kugeuka, akakijibu kihenge na kushukuru: "Kihenge, mwambie aliyesema, tumesikia. Wabeja."

Niliujua utaratibu huo tangu utotoni. Mkwe na mkamwana wakibaki peke yao nyumbani, bila mtu wa kupitishia maneno, hukiambia kitu kilicho katikati yao, mbuzi au chungu au mti, na kitu hicho hubeba maneno bila kuvunja heshima ya mtu. Nilikuwa nimesikia maneno ya namna hiyo mara nyingi kiasi kwamba sikuwahi kuyafikiri. Siku ile niliyafikiri.

"Baba," nikasema, "kihenge hiki kinajua lugha gani?"

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. "Kisukuma," akasema. "Na Kiswahili cha kwendea hospitali."

"Kiingereza je?"

"Hakijasomeshwa."

Jikoni, mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Kikisomeshwa," nikaendelea, "aliye upande ule anaweza kukiuliza, na aliye upande huu anaweza kukijibu. Hakuna atakayemtazama mwenzake."

Nilidhani nimekosea mara ya pili. Kisha sauti ya Kabula ikatoka, kwa Kiingereza safi, ikikiuliza kihenge kama leo kimeshiba. Mzee Machiya alikohoa, akaweka kofia yake kichwani, akaivua tena. Kwa Kiingereza chake kizito alikijulisha kihenge kwamba hakijashiba, kwa sababu mgeni ameongea sana na ugali unapoa.

Hivyo ndivyo walivyojifunza. Kila alasiri, kabla ya jua kuzama, Kabula aliketi upande wa jiko akichambua dagaa au kupura mtama, na mzee upande wa kivuli akisuka kamba za kitanda. Kabula alikiuliza kihenge kazi yake ni nini, kilianza lini, kikiona moshi kitafanya nini. Mzee alijibu kana kwamba kihenge ndicho fundi. Alipokosea, Kabula hakumsahihisha. Alikisahihisha kihenge. "Kihenge, umesema vibaya, sema hivi." Na kwa kuwa aliyekosea ni kihenge, hakuna mtu aliyeaibika. Majirani waliopita walipoona wawili wakibishana kwa lugha ngeni na ghala la mtama, walisimama nje ya uzio wa minyaa wakisikiliza, na bibi mmoja aliniuliza kwa dhati kama kihenge hicho kimepelekwa kanisani.

Mara mbili kwa wiki nilikwenda kusikiliza na kuandika maneno yaliyokosekana. Nami nilibadilisha darasa langu. Niliacha kuwaita watu mbele. Niliweka kiti kitupu katikati ya ghala, na kila aliyetaka alikiambia kiti. Niliacha kusahihisha kwa wino mwekundu. Nikaanza kuuliza, siku ya kwanza kabisa, faragha, mmoja mmoja: humu ndani yuko nani ambaye hupaswi kumtazama? Swali hilo halimo katika kitabu chochote cha kufundishia nilichowahi kupewa. Liandikeni ninyi katika vitabu vyenu.

Siku ya usaili meneja aliniruhusu nihudhurie, kwa masharti kwamba nisitafsiri wala kumsaidia yeyote. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, ambaye Kiingereza chenyewe kilikuwa lugha yake ya tatu. Nilimwona akisita kabla ya maneno marefu kama anayehofia kuyavunja. Kulia kwake aliketi afisa utumishi, kijana aliyetoka Dar es Salaam, na kushoto mpiga chapa mwenye daftari. Mzee Machiya aliingia na kofia mikononi, akaketi ukingoni mwa kiti.

Meneja akamwomba aeleze kazi yake.

Mzee Machiya alitazama sakafu. Dakika moja ikapita. Nilihesabu kwa pumzi zangu.

"Mzee, sema chochote tu," afisa utumishi akasema kwa Kiswahili. "Hata ndiyo. Bosi ana watu wengine nje."

Mzee hakusema hata ndiyo. Meneja akachukua kalamu yake. Nilijua anachotaka kuandika, na nilijua kwamba maneno yote ninayoyafahamu mimi, Kiswahili na Kisukuma na Kiingereza, hayaruhusiwi kutoka kinywani mwangu.

Ndipo Mzee Machiya akainua uso kidogo, akanielekea mimi. "Mwalimu, naomba twende kwenye mashine. Humu hakuna wa kuongea naye."

Afisa utumishi alicheka kwa pua. Meneja akauliza mzee amesema nini, akanitazama mimi kwanza, akakumbuka masharti yake, akamgeukia kijana. Kijana akatafsiri kwa tabasamu. Meneja hakutabasamu. Aliweka kalamu chini, akasimama.

Bandani palikuwa kimya kwa kuwa msimu haujaanza. Mzee Machiya alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya tatu, akatugeuzia mgongo, akaweka kiganja chake juu ya chuma. Kisha akaanza kusema nayo kwa Kiingereza. Nawapeni kwa Kiswahili, bila kuyanyoosha:

"Wewe mashine. Mwaka jana wewe moto sana. Kisu chako karibu sana. Ngozi yako inalia. Watu wanasema, mashine mzee. Mimi nasema, hapana, mashine si mzee, kisu ni karibu. Mimi nafungua kidogo. Kidogo tena. Nasikiliza. Sasa wewe unalala vizuri, unakula pamba, unatupa mbegu."

Meneja alisogea. Akamuuliza yeye, mzee, hufanya nini mbegu zinapokwama katikati ya kazi.

Mgongo wa Mzee Machiya ukakakamaa. Kiganja kilibaki juu ya chuma. Niliona meneja akisubiri, akimtazama mgongo, akiitazama mashine. Kisha alifanya jambo ambalo sijawahi kulielewa alilipata wapi, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Alipiga hatua moja kando, akaigeukia mashine, na kwa sauti ya kawaida kabisa akaiuliza: "Mashine, mbegu zikikukwama, fundi wako hufanya nini?"

"Mashine, mwambie bwana mkubwa," akasema Mzee Machiya, na bega lake likashuka, "kwanza fundi anazima. Haingizi mkono. Kijana anaingiza mkono, kijana anapoteza kidole. Fundi anazima, anangoja, anarudisha roli nyuma kwa mkono, mbegu inatoka. Kisha fundi anauliza, kwa nini mbegu imekwama? Pamba ni mbichi. Nani amepokea pamba mbichi? Si mashine. Ni watu wa mizani."

Mpiga chapa aliinamisha kichwa kuficha kicheko, kwani watu wa mizani walikuwa wakitusikia kutoka mlangoni. Waliendelea hivyo karibu nusu saa, meneja na mzee, wakizungumza na chuma. Mwishoni meneja alishukuru. Alimshukuru mzee au mashine, sikuweza kujua. Kisha akarudi ofisini kumhoji mwingine.

Majina ya watakaobaki yalibandikwa kwenye ubao wa getini Jumatatu iliyofuata. Mzee Machiya hakwenda kuyasoma. Kama jina halipo, alisema, hataki kulitafuta mbele ya watu, na asubuhi hiyo alikwenda shambani kuchuma pamba yake. Mimi nilikwenda. Nilipofika palikuwa na msongamano, na Kabula alikuwa akitoka katikati yake, ndoo kichwani, akitembea upesi kuelekea Ngulyati. Nilisoma orodha mara mbili, kama inavyostahili orodha kusomwa, nikapanda baiskeli yangu.

Mnyororo uliniangusha njiani na nikachelewa sana. Nilimkuta Mzee Machiya kwenye njia ya kutoka shambani, gunia begani. Nilifungua kinywa. Akainua mkono.

"Usiniambie hapa, Mwalimu. Habari ya namna hii mtu huisikia kwake."

Tukatembea pamoja, mimi nikiburuta baiskeli, yeye akizungumzia viwavi vya mwaka huo. Nilijua kwamba Kabula asingeweza kumwambia lolote ana kwa ana, na kwamba jina lililokuwa ubaoni hakuruhusiwa hata kulitamka. Tulipopinda kwenye uzio wa minyaa, uwanja ulikuwa mtupu. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa nusu, na moshi ulitoka.

Kwenye kamba ya nguo, mbele kabisa ya nyumba, palining'inia ovaroli moja peke yake. Ilikuwa ile ya kinu, yenye madoa ya grisi ambayo hayatoki tena. Ilikuwa imefuliwa sasa hivi, bado inadondosha maji. Vifungo vyake vyote vilikuwa vimefungwa mpaka shingoni, na mikono imenyooshwa, kama ya mtu anayekwenda kazini.

Mzee Machiya alishusha gunia. Alisimama kitambo, kisha akaisogelea kamba, akashika pindo la ovaroli kati ya vidole viwili kama anayepima unyevu wa pamba, akaigeuza ili upande uliokuwa kivulini upate jua.